Mbwa Wekundu na Mtoto wa Rangi Tatu

Mbwa wa wawindaji wa Kongo si mkubwa. Toka ardhini hadi mabegani urefu wake ni kama sentimeta 40, na uzito wake kilo 10 hivi. Masikio yake husimama, mkia wake hujikunja juu ya mgongo kama pete, na akitega sikio ngozi ya uso hukunjamana kama ya mzee anayewaza shauri. Hujilamba mwili kama paka. Kubweka, habweki kama mbwa wengine: pengine hutoa mlio mmoja, kisha hunyamaza, akifurahi huimba kwa sauti ya kupanda na kushuka, kama jogoo mchanga anayejifunza kuwika. Ndiyo sababu wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni, wapate kujua amefika wapi ndani ya majani marefu.

Wengi wao ni wekundu, rangi ya matofali yaliyochomwa. Wengine ni weusi. Wengine ni wa rangi tatu: mgongo mweusi, mashavu mekundu pamoja na alama mbili nyekundu juu ya macho kama nyusi, na sehemu nyeupe. Tena wako wenye milia, yaani mwili mwekundu uliochorwa mistari myeusi. Lakini wote, wawe wa rangi gani, wana miguu myeupe, kifua cheupe na ncha ya mkia nyeupe.

Sasa sikilizeni shauri lililotokea katika kijiji kimoja, njiani unapopanda kutoka Baraka kwenda Fizi.

Mwindaji mmoja alikuwa na mbwa jike mwekundu, mwepesi sana wa kufukuza ndezi. Jirani yake alikuwa na dume, mwekundu pia. Watu hawa wawili walikuwa kama ndugu, kwa maana baba zao walitega nyavu pamoja. Wakapatana mbele ya watu: jike atazaa na dume huyo, na mwenye dume atachagua mtoto mmoja awe malipo yake. Siku zikatimia, jike akazaa watoto watano. Wanne walikuwa wekundu. Wa tano alikuwa na mgongo mweusi na nyusi nyekundu.

Mwenye jike alipomwona, akakasirika. Akamwambia jirani yake, “Ndugu yangu, mbwa wako ni mwekundu, na wangu ni mwekundu. Huyu mweusi ametoka wapi? Jike wangu alipotea siku mbili tulipokwenda sokoni Baraka. Huko ndiko alikopata mume. Basi sina deni nawe.”

Jirani akajibu, “Unataka kuninyima haki yangu kwa ajili ya nyusi za mbwa?”

Wakaacha kusalimiana. Watoto wao wakakatazwa kucheza pamoja. Mwenye jike akasema kesho yake atamtupa yule mtoto mtoni, kwa kuwa ni wa haramu. Mzee wa kijiji aliposikia hayo akawaita wote wawili chini ya mwembe, akamwomba na mwalimu wa shule aje, maana alikuwa amesikia kwamba shuleni hufundishwa habari za mbegu na wanyama.

Mwalimu hakuanza na mbwa. Alianza na njegere.

Zamani, katika mji wa Brno, ambao siku hizi uko katika nchi ya Ucheki, aliishi mtawa wa shirika la Mtakatifu Agostino, jina lake Gregor Mendel. Alizaliwa mwaka 1822, mtoto wa mkulima. Akaingia monasteri mwaka 1843, na mwaka 1847 akawa padri. Alitaka sana kuwa mwalimu mwenye cheti, lakini mtihani wa kupata cheti hicho ulimshinda. (Wanafunzi wanaolia baada ya mtihani wamkumbuke huyu.) Toka mwaka 1856 hadi 1863 alilima njegere katika bustani ya monasteri, akazihesabu kwa uvumilivu ambao watu wachache wanao. Alichukua njegere ambazo siku zote huzaa mbegu laini za mviringo, akazichanganya na njegere ambazo siku zote huzaa mbegu zenye makunyanzi. Mazao ya kwanza yalikuwa ya mviringo yote. Makunyanzi yalikuwa yamepotea kabisa! Lakini alipozipanda hizo za mviringo, makunyanzi yakarudi. Akahesabu mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 za makunyanzi, yaani karibu tatu kwa moja.

Mendel akafahamu kwamba makunyanzi hayakupotea. Yalijificha. Kila mmea hupokea alama mbili za jambo moja, moja toka kwa baba na moja toka kwa mama. Alama moja ina nguvu, huonekana. Nyingine ni nyonge, hunyamaza mpaka ikutane na mwenzake aliye nyonge kama yeye. Mwaka 1865 aliwasomea wataalamu wa Brno habari hizo, na mwaka 1866 zikapigwa chapa. Wakasikiliza, wakaenda zao. Alipokufa mwaka 1884 alikuwa mkuu wa monasteri, lakini kazi yake ya njegere ilikuwa karibu imesahauliwa. Ilipofika mwaka 1900 ndipo wataalamu wa nchi mbalimbali walipoyaona mambo yale yale katika mimea yao, wakatambua kwamba mtawa alikuwa amewatangulia kwa miaka 34. Leo alama zile huitwa jeni.

Karibu na mwembe mama mmoja alikuwa anaambua maharagwe. Mwalimu akamwomba machache, mekundu mawili na meusi mawili, akaazima na vikombe viwili.

“Kikombe hiki ni dume,” akasema. “Kikombe hiki ni jike. Haragwe jekundu ni alama ya rangi nyekundu. Haragwe jeusi ni alama ya rangi tatu. Alama nyekundu ina nguvu. Mbwa akiwa na maharagwe mawili mekundu, ni mwekundu. Akiwa na moja jekundu na moja jeusi, macho yetu humwona mwekundu vilevile, lakini amebeba alama ya rangi tatu ndani yake. Akiwa na meusi mawili, ndipo huwa wa rangi tatu.”

Akatia haragwe jekundu moja na jeusi moja katika kila kikombe. Akamwita mtoto mmoja, akamfumba macho, akamwambia atoe haragwe moja toka kikombe hiki na moja toka kile, aonyeshe watu, kisha ayarudishe na kutoa tena. Mara ya kwanza yalitoka jekundu na jekundu. Mara ya pili jekundu na jeusi. Mara ya tano yakatoka meusi mawili, na watu wakaguna.

Ninyi pia fanyeni hivyo darasani, mara 40, na mmoja aandike ubaoni. Mtaona kwamba meusi mawili hutoka mara 10 hivi. Pengine yatatoka mara 8, pengine mara 13, kwa maana bahati haihesabu vidole. Lakini mkiendelea mpaka mara 400, hesabu itaikaribia robo. Angalieni na jambo hili: dume na jike wenye alama iliyojificha wakizaa watoto watano, huenda wote watano wakawa wekundu. Katika mimba nne za namna hiyo, moja hivi itakuwa hivyo. Basi alama yaweza kupita toka babu hadi mjukuu bila mtu kuiona.

Mzee wa kijiji akauliza, “Mwalimu, hayo ni maharagwe. Tutajuaje kwamba mbwa hawa wawili wameibeba hiyo alama?”

Hilo ni swali la mtu mwenye akili. Mwalimu akajibu, “Habari za jike, mtoto mwenyewe ametushuhudia. Hakuna mbwa wa rangi tatu asiyepokea alama moja toka kwa mama yake. Baba awe nani, jike huyu ameibeba. Imebaki habari za dume. Nani anamkumbuka mama wa dume?”

Vijana hawakumjua. Lakini mzee mmoja akasema alimjua sana. Aliletwa toka milima ya Itombwe, naye alikuwa na mgongo mweusi na nyusi nyekundu. Alipotea mwaka 1996, vita ilipokuja na watu wengi wa Fizi wakavuka ziwa Tanganyika kwenda Kigoma. Waliporudi hawakumkuta, ila huyu dume, mtoto wake, alikuwa amehifadhiwa na watu wa bonde jingine, na yeye ndiye aliyezaa kizazi hiki.

Hapo watu wakahesabu miaka, wakacheka, kwa kuwa mbwa haishi hivyo. Mzee akajisahihisha: dume wa leo ni kitukuu cha dume yule. Lakini akaongeza kwamba mama wa dume wa leo naye alikuwa na nyusi zile zile. Mke wake mzee ndiye aliyekuwa akimlisha. Mke wake akaitwa, akasema ni kweli.

“Imetosha,” mwalimu akasema. “Mbwa wa rangi tatu ana maharagwe meusi mawili, hana mengine ya kuwapa watoto wake. Basi dume huyu, mwana wa mama wa namna hiyo, hana budi kuwa na haragwe jeusi moja, ingawa ni mwekundu machoni petu.”

Mwenye jike bado hakuridhika. “Kwa hiyo umethibitisha kwamba dume huyu ndiye baba?”

“Hapana,” mwalimu akasema. “Nimethibitisha kwamba aweza kuwa baba. Mbwa jike aliyepotea siku mbili, siwezi kumwapia. Lakini ulisema haiwezekani wekundu wawili kuzaa mtoto kama huyu, na hilo ndilo neno ulilomnyimia mwenzako haki yake. Neno hilo si kweli.”

Kisha akaongeza jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kama mtoto yule angalizaliwa mweusi kabisa, asiye na nyusi wala mashavu mekundu, shauri lingekuwa jingine. Weusi kamili hautokani na maharagwe yale. Unatokana na jeni nyingine, inayokaa mahali pake pengine, nayo ina nguvu kuliko zote: mbwa akiipokea hata moja tu, rangi nyekundu hufunikwa kama nguo nyeupe iliyotiwa wino. Jeni ya namna hiyo haiwezi kujificha ndani ya mbwa mwekundu. Kwa hiyo wekundu wawili hawazai mweusi kamili, wala hawazai mwenye milia, maana milia hutoka mahali hapo hapo: ni nyonge kwa weusi, lakini ina nguvu juu ya wekundu mtupu. Milia huchora manyoya mekundu tu. Ndiyo sababu mbwa wa rangi tatu aliye na milia huonekana na mistari mashavuni, juu ya macho na miguuni, na mgongo hubaki mweusi. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani waliitambua jeni hiyo ya weusi, wakashangaa kuona kwamba ni ya ukoo wa jeni zinazosaidia mwili kupigana na vijidudu.

Mzee wa kijiji akaamua: mwenye dume achague mtoto wake. Yule mwenye dume akasimama, akawatazama watoto wote watano, akamchukua yule wa rangi tatu.

Watu walipokuwa wakitawanyika, mama mwenye maharagwe hakuondoka. Akakusanya maharagwe yake polepole, akauliza kwa sauti ndogo, “Mwalimu, na kwa watu je, ni hivyo hivyo?”

Wote walijua kwa nini anauliza. Mtoto wake wa tatu alizaliwa na ualbino: ngozi nyeupe, nywele za manjano, macho yasiyopenda jua. Ndugu za mume wake walisema maneno mengi siku zile, na mengine wanayasema hata leo.

“Mama,” mwalimu akajibu, “ni hivyo hivyo. Alama moja toka kwako, na moja toka kwa baba yake. Ninyi wawili mmeibeba kwa siri, kama mbwa hawa, wala hamkujua. Hakuna mtu wa tatu.”

Maneno hayo hatuna budi kuyarudia, kwa maana wanawake wengi wamefukuzwa nyumbani bila kosa. Baba na mama weusi, ambao wote wawili wamebeba alama hiyo, kila wanapozaa wana nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mwenye ualbino. Katika Ulaya mtu wa namna hiyo hupatikana mmoja katika watu 17,000 au 20,000. Tanzania inakadiriwa kuwa mmoja katika watu 1,400 hivi. Huko Tanzania, hasa tangu mwaka 2006, wengine wamekatwa viungo na kuuawa na watu walioamini kwamba miili yao huleta mali. Ni uuaji mtupu. Ngozi yao haina dawa yoyote; imekosa rangi tu, ile inayowakinga watu wengine na jua. Mtoto kama huyo apewe kofia pana na nguo ya mikono mirefu, na darasani akae mbele, apate kuuona ubao.

Kuhusu weupe wa miguu na kifua cha mbwa, sababu yake ni nyingine. Mtoto wa mbwa akiwa bado tumboni, chembe zitakazotengeneza rangi huanzia mgongoni, kisha husafiri kushuka mbavuni mpaka kifuani, miguuni na kwenye ncha ya mkia. Wakati mwingine safari huisha kabla hazijafika. Mahali zisipofika, manyoya hubaki meupe. Tazameni mbuzi na paka wenye mabaka: weupe hupenda kukaa tumboni na miguuni, ni nadra kukaa mgongoni peke yake.

Mbwa hawa wamesafiri mbali. Mwaka 1895 wawili walionyeshwa London, katika maonyesho ya mbwa yaitwayo Crufts. Waingereza, ambao huwaita “terrier” mbwa wadogo wanaofukua wanyama mashimoni, wakawaita “terrier wa Kongo”. Hawakuishi; ugonjwa wa mbwa wa Ulaya uliwaua. Wengine walioletwa toka Kongo walionyeshwa hapo hapo mwaka 1937, nao wakapewa jina la Basenji. Neno hilo ni ndugu ya neno letu “washenzi”, nalo ni jina baya kwa mbwa mwenye adabu hivyo. Mwaka 1959 Mwingereza Veronica Tudor-Williams alisafiri mpaka kusini mwa Sudan, akarudi na jike mwekundu jina lake Fula, na damu yake ikaenea sana.

Lakini waliofika Ulaya na Marekani walikuwa wachache, na wafugaji wakazidi kuwaoza ndugu kwa ndugu. Hapo alama zilizojificha zilianza kukutana, na si alama za rangi tu. Mbwa wengine walikufa kwa kupungukiwa damu. Wafugaji wakawaondoa wote waliobeba alama ya ugonjwa huo, hata wazima. Wakadhani wamesafisha ukoo, kumbe wameupunguza. Kisha ukaongezeka ugonjwa wa figo. Mbwa hunywa maji mengi, hukojoa sana, na sukari hupotea katika mkojo. Nao una ujanja mbaya: mara nyingi hutokea mbwa akiwa na miaka minne hadi minane, wakati ameshazaa watoto na kuwapa alama ile.

Ndipo Wamarekani wakakumbuka mahali mbwa hawa walikotoka. Mwaka 1987 na 1988 baadhi ya wafugaji walikwenda kaskazini-mashariki mwa Kongo, ambayo siku zile iliitwa Zaire, wakatafuta mbwa vijijini kwa wawindaji. Wakarudi na mbwa wenye damu mpya, na miongoni mwao wenye milia, rangi ambayo ilikuwa haimo katika daftari zao. Mwaka 1990 daftari la Marekani likafunguliwa kuwapokea, na milia ikakubaliwa kuwa rangi halali. Tena mwaka 2011 chuo kikuu cha Missouri kikaanza kuitambua moja kwa moja jeni ya ugonjwa wa figo. Siku hizi mfugaji hahitaji kumwondoa mbwa aliyebeba alama moja. Humwoza kwa asiyeibeba, na hakuna mtoto atakayeugua.

MASWALI

1. Kwa nini mbegu za makunyanzi hazikuonekana katika mazao ya kwanza ya Mendel?

2. Mbwa wa rangi tatu akizaa na mwenzake wa rangi tatu, nao hawana weusi kamili wala milia, watoto watakuwa wa rangi gani? Tumieni vikombe na maharagwe.

3. Dume mwekundu na jike mwekundu wamezaa watoto sita, na mmoja ni mweusi kabisa. Mwenye jike asema nini mbele ya mzee wa kijiji? Je, ana haki?

4. Mbwa mweusi na mbwa mwekundu wamezaa wekundu watatu na weusi wawili. Elezeni jinsi inavyowezekana.

5. Mwulizeni babu au bibi nyumbani: mbwa au mbuzi wa zamani wa ukoo wenu walikuwa wa rangi gani? Andikeni majibu, mkayalete darasani.